Chumvi Niliitia Mimi

Tima mwanangu,

Salamu tumepeana tangu asubuhi na kesho tutapeana tena, kwa hivyo hapa naziruka. Naruka pia habari za baridi ya Nairobi, sweta, na chakula cha kubeba kwenye gari moshi. Hayo majirani wamekwambia mpaka umechoka kuitikia. Mimi niko hapa mezani, wewe uko chumbani unafunga begi, naisikia zipu ikikwama. Ningeweza kukuita. Lakini nikikuita nitalia, nikilia utanihurumia, na ukinihurumia sitalisema ninalotaka kulisema. Kwa hivyo naandika, na barua hii nitakupa alfajiri, uisome kabla watu hawajaja kukuaga.

Nianze na Jumapili, siku ya dua yako.

Ulikaa katikati ya wageni na dera lako la kijani, umependeza. Mjomba wako Nasoro akakuuliza hiyo ofisi ya mawakili uliyopata ikoje. Ukacheka, ukamjibu, "Mjomba, kwenye mahojiano waliniambia pale kwao hakuna saa ya kutoka. Nikawaambia hata mimi sina. Nikawaambia mimi hulala masaa manne tu, nimeshazoea." Wanawake wakapiga vigelegele. Babako akajinyoosha kitini, akasema, "Huyo kachukua kwa mamake."

Ulidhani nimetoka kwenda kutazama chai. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikashika ukuta wa choo, nikatema mate mpaka kinywa kikakauka. Wallahi sikuchukizwa nawe. Nilichukizwa kwa kuwa nilijisikia mimi. Maneno hayo nimeyasema kwa kinywa changu, kwa majivuno yale yale, na watu wakanipigia vigelegele hivyo hivyo.

Na kabla ya hapo kulikuwa na ule mzaha. Shangazi yako Mwanakombo, dadake babako, alikuja kutoka Kisauni akaketi karibu na mlango, kama anavyoketi siku zote akija kwetu. Masinia yalipoletwa Nasoro akauliza kwa sauti kubwa, "Chumvi ya leo Mwanakombo hakuigusa, sivyo?" Wakacheka wote. Wewe ulicheka. Shangazi yako akatabasamu, akainamia sinia. Mimi pia nilicheka, Tima. Nataka ujue hivyo, kwamba hata Jumapili hii iliyopita mimi nilicheka.

Mzaha huo umekua nao. Tangu utoto umesikia kwamba shangazi yako aliharibu biriani ya watu Mtongwe, akamtia mamako aibu. Sasa nisikilize.

Unajua kwamba nilikuwa mpishi wa shughuli. Hujui ilivyokuwa. Hapa Bofu, Mtongwe, mpaka ng'ambo ya pili ya feri, harusi, hitima na maulidi nilipika mimi. Watu hupenda kuisimulia habari yangu kama kwamba nilipika kwa shida, mama anayejitesa kwa ajili ya mwanawe. Ni uongo, nami nimeuacha uongo huo ukae kwa sababu unanipendeza. Babako alikuwa anaendesha foklifti kwenye yadi ya makontena kule Changamwe, na alichokileta kilitutosha. Hatukulala njaa hata siku moja. Nilipika kwa sababu simu ilikuwa ikilia, na mtu wa upande wa pili akisema, "Mama Tima, bila wewe hakuna harusi," nilihisi utamu usioelezeka. Nilikuwa radhi kuamka kitandani na homa ili niambiwe tena neno hilo. Wiki moja shughuli mbili, wiki nyingine nne. Kukataa sikujua, na sikutaka kujua.

Nilikuwa nanuka. Sisemi kwa mfano, nanuka hasa. Moshi wa kuni, mafuta ya nyama, na vile vitunguu vya kukaanga ambavyo harufu yake huingia kwenye ngozi na haitoki kwa sabuni. Nywele zilinata. Ulikuwa ukilala nami siku babako akiwa zamu, nawe ulikuwa ukiziba pua kwa leso yako. Usiku mmoja ukaniambia, "Mama, unanuka harusi." Nililichukua neno lako nikawa nalitembeza kwenye shughuli za watu, nawachekesha nalo. Sikujiuliza hata mara moja mtoto aliyelisema alikuwa anataka nini.

Ulipokuwa na miaka tisa ulichaguliwa kusoma Kurani kwenye maulidi ya madrasa yenu. Mwezi mzima ulijizoeza barazani. Ukaniuliza, "Mama, utakuja?" Nikasema, "Nitakuwako, inshallah." Na nilikuwako, kwa sababu mpishi wa siku hiyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa madrasa, hatua kama arubaini hivi kutoka ulipokaa, nimeinamia sufuria tatu za pilau.

Kipaza sauti kikaanza. Ikatoka sauti ya mtoto, nyembamba, haitetemeki, inavuta pale panapovutwa na kutua pale panapotuliwa. Wanawake waliokuwa wakikata kachumbari wakaacha visu. Nami, nakumbuka neno kwa neno, nikasema, "Mashallah. Mtoto wa nani huyo?"

Mwanakombo alikuwa kwenye beseni la vitunguu, siku zile tulipika pamoja. Akainua uso.

"Wifi, huyo ni Tima."

"Tima gani?"

"Tima wako."

Akanyanyuka, akajifuta mikono, akaniambia, "Nenda ukamwone. Pilau nitaiangalia mimi." Nikamwambia wali utaungua. Nikabaki pale. Ulipomaliza kusoma na watu wakaitikia, nilikuwa nachota maji kwenye pipa. Jioni ulinikimbilia, "Mama, ulinisikia?" Nikakujibu, "Nilikusikia, ulisoma vizuri sana." Ukafurahi ukaruka. Na sikusema uongo, nilikusikia kweli. Mpaka leo nikiikumbuka furaha yako ya jioni ile ninajionea kinyaa, kwa sababu niliipokea kama haki yangu.

Huenda sasa unasema moyoni, maskini mama alikuwa amechoka. Ngoja. Huko ndiko ninakotaka kukuzuia usiende.

Miezi michache baada ya maulidi yale ulimi wangu ulikufa. Niliweka sukari nikapata unga mtupu, niliweka ndimu nikapata maji. Chakula chochote nilichotia kinywani kilikuwa kama nguo mbichi. Sikumwambia mtu. Mpishi asiyeonja nani atamwita? Nikawa napika kwa macho, natazama rangi ya mchuzi, nasikiliza mafuta yanavyolia, naweka chumvi kwa kukumbuka mkono ulivyozoea. Na watu wakala, wakasifu. Babako aliniambia, "Nuru, pumzika hata wiki moja." Nikamuuliza, "Na harusi za watu?" Sala nikawa nazikusanya, nasali adhuhuri, alasiri na magharibi kwa mpigo, haraka haraka kama mtu anayesuuza nguo. Arubaini ya babangu mzazi niliipika mimi, na sikudondosha chozi hata moja, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwenye nyama kama itaiva.

Na nilikuwa mchafu wa tabia. Watu husema mtu anayefanya kazi mpaka anaanguka ni mtu mwema. Labda wako wengine hivyo. Mimi nilivyozidi kuchoka ndivyo nilivyozidi kuwa mbaya. Mwanamke mzima aliyemwaga kikapu cha mchele nilimtukania mamake. Wewe nilikupiga kofi kwa kuniuliza penseli iko wapi. Yeyote aliyeketi dakika tano kunywa maji nilimwona mvivu, nikamchukia. Nilikuwa nahesabu kila aliyelala. Na hayo yote niliyaona ni haki yangu, kwa vile sikulala mimi.

Ndipo ikaja harusi ya Mtongwe.

Ilikuwa biriani ya mchana, wanaume wangekula baada ya nikahi. Tulianza jana yake, mimi na Mwanakombo na wanawake wengine watatu. Kufikia usiku ule nilikuwa na siku mbili sijalala, kwa sababu nilitoka hitima nikaingia harusini bila kupita nyumbani. Kwenye saa nane nilimwambia Mwanakombo ajinyooshe kidogo mkekani, akalala. Alfajiri nikatia chumvi kwenye mchuzi. Mara nikaitwa, kuni zilizoletwa zilikuwa mbichi. Nikaenda nikagombana na mwenye kuni, nikarudi, nikachukua bakuli la chumvi nikatia tena.

Mwanakombo alikuwa ameshaamka, amesimama nyuma yangu.

"Wifi, chumvi ushatia."

"Sijatia."

"Ushatia. Nimekuona kabla hujaenda kwa mwenye kuni."

"Mwanakombo, leo utanifundisha kupika?"

Akachukua kijiko, akachota, akaonja. Uso ukamkunjika. Akachota kingine akanipa. "Onja." Nikaonja. Nikasikia moto wa mchuzi ulimini na kitu kingine chochote sikukisikia. Nikasema, "Iko sawa."

"Wifi, onja tena."

"Nimesema iko sawa!"

Akashusha sauti ili wenzetu wasisikie. Hilo siwezi kulisahau, kwamba alinisitiri. Akasema, "Nyama nyingine iko, nyanya ziko, na wakati bado upo. Tuchemshe mchuzi wa pili usio na chumvi tuchanganye. Hakuna atakayejua." Ndivyo mtu mwenye akili zake anavyosema. Nami nikamjibu, "Rudi kwenye vitunguu vyako."

Masinia yakatoka. Kule uani husikika kelele ya watu wakila, ni kelele nzuri. Siku ile tulisikia kimya. Halafu mmoja akakohoa. Nikachungulia kwenye pazia nikamwona mzee mmoja wa heshima anatoa tonge kinywani, analiweka pembeni ya sinia, anaufuta ulimi wake kwa leso. Vijana walikuwa wakigombea maji. Babake bwana harusi alikuwa anatafuna polepole kwa adabu, machozi yanamlenga.

Mama wa bi harusi akaingia uani, mikono imechorwa piko mpaka viwikoni, dhahabu shingoni. "Mama Tima," akasema, "umetupikia bahari?"

Wanawake wote wakanigeukia. Mimi nikainua mkono, nikanyoosha kidole.

"Ni huyu," nikasema. "Nilimwachia chumvi nikaenda kutazama kuni. Nilimwamini."

Na nikalia, Tima. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi na kukosa usingizi, machozi yakatoka yenyewe. Nililia vizuri. Wanawake wakanishika mabega. "Pole Mama Tima, wewe huna kosa, siku ya tatu hujaona kitanda." Mwanakombo alikuwa ameshika mwiko. Akauweka juu ya kifuniko taratibu, akanawa mikono, akachukua buibui lake kwenye msumari, akatoka. Wale watatu tuliokuwa nao walimwona akinionjesha, nao hawakumtetea, kwa kuwa kazi zao zilitoka kwangu.

Wewe umesomea sheria. Nilichokifanya pale kina jina, unalijua kuliko mimi.

Shangazi yako siku zile alikuwa ameshaachika, ana watoto wawili, na alikuwa ameanza kuitwa peke yake. Alikuwa na harusi mbili za kwake mkononi, za kwanza maishani mwake. Zote mbili alinyang'anywa kabla ya wiki kwisha. Babako alimwita hapa nyumbani akamkaripia mbele yangu, dada yake wa tumbo moja, eti amemwaibisha mkewe. Nilikuwepo. Nilikuwa nakoroga chai, nikaendelea kukoroga mpaka ikapoa. Akahamia Kisauni, akawa anakaanga viazi karai nje ya shule, na mpaka leo ndiyo kazi yake.

Mimi niliendelea kupika wiki saba. Jina langu halikuguswa, kinyume chake watu walinionea huruma wakaniita zaidi. Kisha asubuhi moja nilishika kitunguu, nikakikata nusu, na harufu ilipopanda nikatapika pale pale juu ya ubao. Nikafuta ubao, nikashika kingine, nikatapika tena. Kesho yake sikuweza kunyanyuka kitandani. Sikuwa na homa, sikuwa na jeraha, nilikuwa tu sinyanyuki, na mtu akitaja neno pilau najifunika shuka. Majirani wakasema ni jicho la husuda. Nikanyweshwa kombe la aya za Kurani, nikafukizwa udi. Hospitali walinipima damu na mkojo wasione kitu, na daktari, kijana mpole, akaniuliza, "Mama, wewe unapumzika lini?" Nikamwambia hana adabu.

Harusi ya kwanza bila mimi ilikuwa mtaa wa pili tu. Nilisikia ngoma nikiwa kitandani, nikasubiri. Nilijua watakuja kuniambia chakula kimewashinda. Hakuja mtu. Jioni jirani akaniletea sahani iliyofunikwa, akasema, "Alipika mwanamke mmoja wa Changamwe, wamesifu kweli." Nilikasirika mpaka nikalia. Kisha hasira ikaisha, nikabaki natazama dari, nikawaza: kumbe ni hiki. Hiki ndicho kilichonifanya nisiitambue sauti ya mwanangu. Watu wamekula, wameshiba, wamelala, na mimi hata sikuulizwa.

Ulimi ulirudi baada ya miezi mingi. Babako alipika mchuzi wa samaki, hajui kupika, alizidisha chumvi vibaya. Nikatia tonge nikaisikia, kali, imejaa kinywa kizima. Ndiyo ladha ya kwanza niliyoipata. Nikaisukuma sahani. Babako akadhani nimeyadharau mapishi yake, akaniomba radhi. Siku ile ningeweza kusema. Alikuwa ananiomba radhi mimi, kwa chumvi, nami nikamwambia haidhuru.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu ugonjwa ulikuwa umenisafisha machoni pa watu. Nilikuwa Mama Tima aliyefanya kazi mpaka akaanguka. Nani atamuuliza maswali mtu aliyeanguka? Nikafungua kibanda changu cha mbaazi na mahamri, nafunga jua likianza kuwa kali, watu wakaniheshimu kwa hilo pia, "Mama Tima amejifunza kujitunza." Nimekuwa nikiwashauri wanawake wenzangu wapumzike, kwa sauti ya mtu aliyeteseka. Nikijisikia nikisema hivyo natamani kujitapikia. Miaka kumi na mitano imepita.

Baada ya Jumapili sikuweza tena. Jana nilipokwambia nakwenda sokoni nilikwenda Kisauni.

Nilimkuta Mwanakombo ameketi mlangoni, anamenya viazi. "Karibu wifi," akasema, akanisogezea kigoda. Sikuketi. Nikamwambia nikiwa nimesimama, "Chumvi ya Mtongwe niliitia mimi. Mara mbili. Na ulimi wangu ulikuwa haufanyi kazi, nilikuwa sionji kitu." Aliendelea kumenya mpaka kiazi kikaisha, akakitupa majini, akachukua kingine.

"Mimi nilijua," akasema, "wewe ulijua, na Mungu alijua. Sasa umekuja kumwambia nani?"

Nikamuuliza, "Mbona siku ile hukujitetea?"

"Kwa nani? Wewe hujalala siku mbili, macho mekundu, unalia. Mimi nimelala masaa matatu mkekani, na ni wewe uliyeniambia nilale. Nani atamwamini aliyelala, amkatae aliyekesha?"

Nikaanza kumwomba msamaha. Akauinua mkono wenye kisu, akanizuia.

"Hapa sikupi. Hapa tuko wawili. Ulinisema mbele za watu, nitake radhi mbele za watu. Nikishasikia, nitajua moyo wangu unasemaje. Sasa hivi siujui."

Nikageuka niondoke. Akaniita. "Na yule mtoto mwambie kabla hajapanda gari. Kucheka kwake hakukuniudhi, anacheka anachofundishwa. Lakini ile ya masaa manne ilinichukiza. Nilikutazama wewe, nikamtazama yeye, nikasema, haya, mwingine huyo."

Leo baada ya alasiri, ulipokuwa kwa rafiki zako, nilimwambia babako. Hakupiga kelele. Alivaa viatu, akatoka. Ndiyo maana hayupo nyumbani, sikukwambia kweli niliposema ameitwa kazini. Baada ya isha alinipigia simu kutoka kwa dada yake. Alisema, "Miaka kumi na mitano, Nuru." Kisha akasema atalala huko, na asubuhi watakuja wote wawili.

Sitakuambia ufanye kazi kidogo. Nenda ukafanye kazi, umeisomea, unaipenda. Nakuambia nilichokiona mimi tu. Wakikusifu kwa kutolala, tazama pembeni umwone nani anamenya vitunguu vyako na wewe unamsemeshaje. Mtu wa chini yako akikwambia umekosea, na moyo wako ukamchukia kwa kuwa yeye amelala na wewe hujalala, basi ujue umeshaanza kuoza, hata kama faili zako zote ziko safi. Na siku utakayosikia sauti ya mtu wako ukauliza ni ya nani, inuka. Usimalize ukurasa ulioushika. Inuka wende ukamwone. Pilau iungue.

Kesho watu watakuja saa mbili kukuaga. Nasoro atakuja. Wanawake wa mtaa watakuja. Mama wa yule bi harusi wa Mtongwe nimempigia simu, akashangaa, lakini amekubali kuja. Kabla ya dua nitasimama niseme, yote, na Mwanakombo akiwapo, pengine safari hii ameketi katikati ikiwa atakubali. Najua nakuharibia siku yako. Ningeweza kungoja uondoke, lakini nikingoja uondoke nitangoja tena mpaka urudi.

Sasa ninalotaka kutoka kwako. Nikishasema, watanihurumia. Nawajua. Nasoro atasema, "Maskini, alikuwa amechoka." Jirani ataitikia, "Kweli, alikuwa hajalala." Watanifungulia mlango huo, na mimi ninavyojijua nitatamani kupita. Wewe ni mwanangu, na sasa ni wakili, utahisi ni wajibu wako kusimama upande wangu. Usisimame. Usinitetee hata kwa neno moja. Ni kweli nilikuwa nimechoka, na chumvi ya pili unaweza kusema ililetwa na uchovu. Lakini mkono niliouinua mbele ya watu, nikamnyooshea kidole Mwanakombo, ulikuwa mkono wangu, na nilijua ninachokifanya.

Mamako,
Nuru